Wasoma Maji wa Ngara na Biharamulo

Juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo mito miwili hukutana. Mmoja unatoka Rwanda, nao ni ule Nyabarongo unaobadili jina njiani na kuitwa Akagera. Mwingine ni Ruvubu, unaotoka Burundi na kupita wilaya ya Ngara, Tanzania, kabla ya kuungana na mwenzake. Kuanzia hapo ni Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka huyatazama maji yale yakiporomoka, mekundu kwa udongo wa vilima, wakapiga picha na kuendelea na safari. Maji ni mengi, kila mtu anaona. Lakini ni kiasi gani? Leo, saa hii, kwa sekunde moja, yanapita maji kiasi gani?

Wapo watu ambao kazi yao ni kulijibu swali hilo bila kubahatisha: wanahaidrolojia, mafundi sanifu maji, wasoma vipimo vya mtoni, wachimba visima. Mradi wa maji ukizinduliwa kijijini Mwenge wa Uhuru hupita, vigelegele hupigwa, na kibao cha marumaru huandikwa jina la mgeni rasmi. Aliyekaa miaka akiandika kina cha mto ili ijulikane bomba liwe na ukubwa gani hatajwi. Vyaelea vimeundwa, nami nataka tuwaangalie hawa waundaji kwa karibu, maana ufundi wao ni mzuri kuliko tunavyoujua.

Kazi huanza na bamba. Ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, urefu wake mita moja, lenye alama nyeusi za sentimita, limekazwa kwa nati kwenye nguzo iliyosimikwa ukingoni. Mto ukipanda bamba moja huzama, kwa hiyo husimikwa mengine ngazi kwa ngazi kuupanda ukingo, la pili likianzia pale la kwanza linapoishia. Nchi kavu, mbali na mkono wa mafuriko, hujengwa alama ya saruji ambayo usawa wake unajulikana. Siku mto ukizing'oa nguzo zote, fundi ataanza na alama ile na kuyarudisha mabamba kwenye usawa uleule wa zamani. Bila alama hiyo, mita mbili za mwaka jana na mita mbili za mwaka huu zingekuwa vitu viwili tofauti, na hakuna ambaye angegundua.

Msomaji wa bamba kwa kawaida ni mwenyeji wa hapo, mtu ambaye nyumba yake haiko mbali na mto na anayelipwa posho ndogo. Hushuka asubuhi, hushuka tena jioni. Maji ya mto hayatulii, yanacheza juu na chini kwenye bamba, hivyo husimama kidogo, akaangalia yanapanda mpaka wapi na kushuka mpaka wapi, kisha akaandika katikati yake. 2.37. Tarehe, saa, basi. Wengi huandika kwa penseli, kwa sababu wino ukiloa hukimbia na penseli haikimbii. Panapokuwa na kipimo cha mvua, husomwa saa tatu kamili asubuhi, na mvua iliyonyesha usiku huhesabiwa kwa milimita.

Ukiitazama kwa haraka utasema hiyo si kazi ya kutisha. Ifikirie ikifanywa kila siku kwa miaka, masika na vuli, siku ya msiba na siku ya harusi. Kishawishi kikubwa huja usiku wa mvua kubwa, pale njia ya mtoni inapoteleza na mtu akajisemea kwamba tofauti na jana haiwezi kuwa kubwa. Akiandika namba ya jana, ameifuta siku ambayo mhandisi wa daraja angeitafuta kuliko siku zote za mwaka. Mimi nawaheshimu wasomaji hawa kuliko ninavyoweza kueleza. Hesabu zote za wataalamu wakubwa, pamoja na kompyuta zao, zinasimama juu ya ukweli wa mtu huyu ambaye hakuna anayemwona anapoandika.

Lakini kina si mtiririko. Bamba linasema maji yamefika wapi, halisemi yanapita kiasi gani. Ili kujua hilo ni lazima mto upimwe wenyewe, na hapo ndipo ufundi unapoonekana hasa.

Kikosi hufika darajani au huingia majini kwa mtumbwi. Kamba yenye alama huvutwa ng'ambo hadi ng'ambo, au ukingo wa daraja hutiwa chaki kila baada ya hatua iliyopimwa. Mto unagawanywa vipande ishirini hivi au zaidi, kwa kanuni kwamba kipande kimoja kisibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji yote. Kwenye winchi huning'inizwa uzito wa risasi wenye umbo la samaki, kichwa kikielekea maji yanakotoka, na juu yake kifaa chenye pangaboi dogo. Maji hulizungusha pangaboi, na kila mzunguko hutoa mlio. Mmoja anashika saa, mwingine anahesabu milio, wa tatu anaandika. Hakuna soga. Mtu akiuliza bei ya ndizi sokoni katikati ya hesabu, kipande kile huanza upya.

Pangaboi haliwekwi popote. Karibu na uso maji hukimbia. Chini husuguana na mchanga na mawe, yakapunguza mwendo. Panapokuwa na kina kifupi, fundi huliteremsha mpaka sehemu sita katika kumi za kina kutoka juu, kwa sababu uzoefu wa mito mingi umeonyesha kuwa mwendo wa pale unakaribia sana wastani wa maji yote yaliyo juu na chini yake. Panapokuwa na kina kirefu hupima mara mbili, kwenye sehemu mbili na kwenye sehemu nane katika kumi, akachukua wastani. Kisha hesabu: kipande chenye upana wa mita 2, kina cha mita 3 na mwendo wa sentimita 80 kwa sekunde hupitisha mita za ujazo 4.8 kila sekunde. Hizo ni ndoo 240 za lita ishirini, katika muda wa kupepesa jicho. Vipande vyote vikijumlishwa, mto umepimwa.

Nimesema hivyo kama jambo jepesi. Mkondo ukiwa na nguvu unaivuta kamba ya winchi, haishuki wima tena, inalala. Fundi asiyeangalia ataandika kina kirefu kuliko kilichopo. Anayejua kazi hupima pembe ya kamba na kurekebisha kwa jedwali. Halafu kuna magogo, na katika mto huu kuna vipande vya mafunjo vilivyokatika na kuelea, vingine vikubwa kama uwanja wa nyumba, vinavyoteremka kimya na kuweza kuondoka na kifaa chote. Kwa hiyo lazima awepo mmoja wa kutazama juu mtoni tu, kazi yake ni kupiga kelele kwa wakati. Siku hizi vipo pia vyombo vinavyopima kwa mawimbi ya sauti, vinavutwa juu ya maji kama mashua ndogo na kumaliza kazi ya nusu siku kwa dakika chache. Ni msaada mkubwa, nami navifurahia. Ila hata chombo hicho hakijui kama chini ya mto mchanga unatembea, na mchanga ukitembea kinapotosha mwendo. Fundi ndiye anayejua.

Mto hauwezi kupimwa hivyo kila siku. Ndiyo maana vipimo vichache vya aina hii, vilivyofanywa maji yakiwa chini, ya kati na ya juu, huwekwa kwenye karatasi: kina cha bamba upande mmoja, mtiririko upande mwingine. Nukta zikikaa vizuri hupita mstari uliopinda, na kuanzia hapo ile 2.37 ya msomaji inageuka kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mstari huo una umri. Mafuriko hukwangua sakafu ya mto au huijaza mchanga, na mto uliobadilika umbo huhitaji vipimo vipya kama mtoto anayekua anavyorudishwa kwa fundi cherehani. Ofisi inayotumia mstari wa zamani kwa sababu tu upo kabatini inajidanganya kwa namba zenye desimali.

Sehemu ngumu ya mstari ni ya juu. Mafuriko makubwa huja mara chache, mara nyingi usiku, na barabara ya kwenda kituoni nayo imekatika. Kwa hiyo nukta za juu ni chache au hazipo, na wakati huohuo mjenzi wa daraja anauliza habari za mafuriko makubwa tu. Hapo mwanahaidrolojia hufunga daftari na kwenda kuongea na wazee.

Sijui sehemu ya kazi hii inayonivutia kuliko hii. Kijana kutoka ofisi ya maji ya bonde anafika kwenye nyumba iliyo juu ya mto. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Habari za nyumbani zinaulizwa kwanza, za mifugo, za shamba, kisha ndipo linapokuja: mwaka ule wa maji makubwa, yalifika wapi? Bibi hajibu kwa mita. Anainuka, anatembea mpaka kwenye shina la mwembe, anaweka kiganja. Mwaka hautaji kwa tarakimu. Atasema ni wakati wa Uhuru, au kabla ya wakimbizi wa Rwanda, au ni ule wa El Nino, na kijana anayejua historia ataandika 1961, ataandika 1997. Kisha anaaga, anakwenda nyumba ya pili na ya tatu, anauliza swali lilelile bila kusema alichoambiwa na jirani, maana kumbukumbu hupenda kukua. Viganja vitatu vikikubaliana ndani ya kimo cha tofali, ana alama.

Alama hizo hupimwa usawa kwa vyombo vya upimaji ardhi, juu ya mto na chini yake, na mteremko wa maji ya siku ile unapatikana ingawa maji yenyewe yalishaondoka zamani. Umbo la bonde linachorwa. Halafu inatumika kanuni aliyoitoa mhandisi Robert Manning wa Ireland mwaka 1889, inayounganisha mteremko, umbo la mto na ukwaruzo wa sakafu yake. Huo ukwaruzo hausomwi kwenye chombo chochote. Mtaalamu husimama ukingoni, akatazama mawe, nyasi, mafunjo, vichaka, na kuamua: karibu 0.03 kwa mto safi ulionyooka, 0.1 na kupita kwa bonde lililosongwa na mimea. Jicho lake likikosea, mafuriko ya kwenye karatasi yanaongezeka au kupungua maradufu. Jicho hilo hujengwa kwa miaka ya kusimama kwenye kingo, na wanaolijenga huanzia darasani, wengi wao Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, ambacho wakongwe bado wanakiita Rwegarulila.

Kagera una tabia yake, na kuijua ni sehemu ya ufundi. Chini ya Rusumo mto hugeuka kaskazini na kupita kati ya maziwa madogo na mabonde ya mafunjo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kabla ya kukunja kuelekea mashariki na kufika Kyaka. Mafuriko yakiingia kwenye mafunjo yale husambaa, yakapoteza kimo na kuchelewa. Mtu wa Kyaka anaweza kuona mto unapanda wakati mvua iliyouleta imeshakatika huko juu wiki kadhaa nyuma, na asiyejua atatafuta sababu mahali pasipo pake. Kusini ya Ngara na Biharamulo, kuelekea Kakonko na Kibondo, maji hubadili mawazo kabisa: yanakwenda Malagarasi, Ziwa Tanganyika, na mwisho mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mvua mbili zilizonyesha mchana mmoja, vilima viwili vya jirani, moja inaanza safari ya kwenda Misri na nyingine ya kwenda magharibi ya Afrika. Ile ya Ruvubu ina heshima ya pekee, kwani chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote, alichokitambua Burkhard Waldecker mwaka 1937 huko Rutovu, Burundi, humwaga maji yake kwenye mto huu unaopita Ngara.

Thamani ya daftari la msomaji wa bamba ilionekana Tanganyika ilipokuwa inapata uhuru. Mwishoni mwa 1961 Afrika Mashariki ilipigwa na mvua ambazo wazee walikuwa hawajawahi kuziona. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda takriban mita mbili na nusu, likameza gati na mashamba ya ufukweni. Wapo waliolaumu bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa 1954. Kulaumu ni rahisi. Kujibu kulihitaji hesabu ya maji yote: mvua iliyonyesha juu ya ziwa lenyewe, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya maji yake, maji ya mito, mvuke, na yanayotoka Jinja. Kagera ulikuwa ukipimwa Kyaka tangu 1940, lakini mito mingi ilikuwa haina hata bamba. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri zilianza uchunguzi mkubwa wa pamoja wa hali ya hewa na maji ya maziwa ya ukanda huu, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na vituo vikaongezwa bonde zima. Hesabu ilithibitisha kwamba lililotenda ni mbingu.

Namba zenyewe zina maadui wengi. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka. Daraja lilijengwa tena. Siku ambazo mto haukusomwa, kwa vita au kwa uzembe au kwa posho kuchelewa, hazijengwi tena. Mwezi Mei 2020 ziwa lilivuka kilele cha 1964, na tulilijua hilo kwa sababu tu kimo chake kimekuwa kikisomwa tangu 1896. Setilaiti siku hizi hupima uso wa ziwa kutoka angani, na nyingine huhisi hata uzito wa maji yaliyo ardhini. Ni kazi kubwa, lakini haziwezi kurudi nyuma kwenda kusoma 1964.

Mtambo wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umejengwa juu ya daftari hilo hilo. Mtambo unaotumia mtiririko wa mto bila bwawa kubwa la kuhifadhi maji unategemea jibu la swali moja: ni siku ngapi katika mwaka mto hupitisha kiasi fulani au zaidi? Fedha haziwezi kulinunua jibu hilo kwa mwaka mmoja. Linatoka kwenye miongo ya kina kilichoandikwa asubuhi na jioni.

Ngara iliwahi kulazimika kuijua hesabu ya maji kwa namna ya kutisha. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Mto uliokuwa chini ya miguu yao ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa, na watu wa ufukwe wa Uganda walizika maelfu waliowaopoa ziwani. Waliovuka walikaa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kando ya bwawa dogo. Baada ya muda wakimbizi wa Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji. Fanya hesabu mwenyewe: watu 250,000 kwa lita tano tu kila mmoja, kiasi cha kunywa na kupika bila kuoga wala kufua, ni lita milioni moja na robo kwa siku. Hizo ni lita 14 na nusu kila sekunde, usiku na mchana, kutoka kwenye bwawa ambalo nalo linanyonywa na jua. Litadumu siku ngapi? Anayejibu lazima apime kina cha bwawa, ajue mvuke, ajue kama chini yake kuna maji yanayoingia au yanayotoroka. Maji yalitibiwa kwa shabu ili udongo utuame, yakatiwa klorini, yakasukumwa kwenye matangi. Baadaye zilifunguliwa kambi nyingine, Lumasi ikiwamo, na maji yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua watu wakae wapi. Huko ndiko taaluma hii inapopimwa: watu maelfu kwa maelfu wameishi au hawakuishi kwa namba iliyotolewa na mtu mwenye saa na ndoo.

Nalo bwawa huonekana. Maji ya chini ya ardhi hayaonekani, na kuyasoma ni ufundi wa aina nyingine.

Vilima virefu vya Ngara ni vya miamba ambayo wanajiolojia waliipa jina la Karagwe-Ankole, ya umri unaokaribia miaka bilioni moja na nusu: kwatsaiti ngumu iliyosimama juu kama uti wa mgongo, na mabondeni miamba laini ya tabaka za udongo uliogeuka jiwe. Mvua hupenya kwenye nyufa za kwatsaiti, ikishuka hukutana na mwamba usiopitisha maji, ikatafuta pa kutokea. Ndiyo maana chemchemi nyingi hukaa miguuni mwa vilima. Biharamulo ni nchi ya namna nyingine. Sehemu kubwa ni ya mawimbi ya chini, na kwenye maeneo ya miamba ya granaiti, ya kale kuliko ile ya Ngara, maji hayajikusanyi kwenye mto wa chini kwa chini kama watu wengi wanavyodhani. Yamo kwenye tabaka la mwamba uliooza na, chini yake, kwenye nyufa. Ukichimba hatua chache pembeni ya ufa unaweza kutoka na vumbi, na jirani yako akapata maji.

Mtaalamu hufika na haanzi na mashine. Anatembea. Anaangalia mkuyu umeota wapi, bonde limenyooka wapi kupita kawaida, visima vya zamani hukauka mwezi gani. Kisha anapigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme ardhini, viwili vya ndani hupima jinsi ardhi inavyoukataa. Vya nje vinasogezwa mbali zaidi, na zaidi, na umeme unashuka chini zaidi kila mara. Mwamba mzima mkavu huukataa sana. Udongo wa mfinyanzi huupokea vizuri, lakini mfinyanzi hauachii maji uliyonayo. Kinachotafutwa kipo katikati, na katikati hiyo mwamba wenye maji na mwamba wa tope inaweza kufanana kabisa kwenye karatasi. Kwa hiyo ule mkuyu na ile kumbukumbu ya kisima cha zamani hurudi mezani.

Mashine ikianza, hewa ya kompresa hupiga nyundo chini ya shimo na kupandisha unga wa mwamba. Kila mita moja, chepeo moja la unga humwagwa chini kwa mstari, kirundo baada ya kirundo, mpaka uwanja mzima unakuwa historia ya ardhi: mwekundu juu, halafu wa njano wenye chembe za kumeta, halafu wa kijivu. Mtaalamu huchuchumaa, akasugua unga kwa vidole, akaulowesha. Mchimbaji mzoefu hasubiri hata hivyo virundo. Nyundo ikiingia kwenye ufa sauti hubadilika, bomba hushuka ghafla kidogo, na vumbi lililokuwa linapaa linaanza kutoka likiwa limeshikana. Dakika chache baadaye maji yanaruka na watoto wanashangilia. Wataalamu hawashangilii bado.

Bado kuna kupima kisima, na hapo ndipo penye heshima yote ya kazi. Pampu inawashwa, maji yanakingwa kwa ndoo ya lita ishirini na saa: ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 1,800 kwa saa. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250, yaani lita 6,250, ambazo kisima hicho kingezitoa kwa chini kidogo ya saa tatu na nusu. Inaonekana inatosha. Lakini je, kitaendelea kutoa? Waya wenye alama za mita unateremshwa kisimani, ukigusa maji unalia, na kina kinaandikwa: kila nusu dakika mwanzoni, kisha kila dakika, kila dakika tano, kila nusu saa, na usiku kucha kwa mwanga wa tochi. Pampu ikizimwa, kazi haijaisha. Maji yanavyorudi juu hupimwa kwa uangalifu uleule, maana yanaeleza kama ufa unalishwa na eneo kubwa au ulikuwa mfuko mdogo tu uliojaa. Mmarekani Charles Theis alionyesha mwaka 1935 jinsi ya kusoma mshuko huo na kujua kisima kitafanyaje baadaye. Msingi ulikuwa umewekwa na Henry Darcy wa Dijon, Ufaransa, aliyepitisha maji kwenye mapipa ya mchanga na kuchapisha matokeo yake mwaka 1856.

Kipimo cha saa mbili, kilichofanywa Aprili ardhi ikiwa imeshiba, hutoa namba ya kupendeza na ripoti nene. Agosti pampu inavuta hewa. Nimeona visima vya namna hiyo, na naamini ni dhuluma kwa wanakijiji waliochangia. Fundi anayekesha usiku ule wa kipimo, wakati gari linamsubiri na kila mtu anasema maji yapo, huyo ndiye ninayemwandikia sifa hizi.

Basi msomaji wa Ngara, wa Biharamulo, wa popote: ukikuta bamba jeupe limesimama ukingoni mwa mto, usiliuze chuma chakavu na usimruhusu mwanao afungie mbuzi hapo. Na kijiji chako kikichimbiwa kisima, msikubali kukabidhiwa pampu peke yake. Dai karatasi: kina, aina ya mwamba kila mita, mahali maji yalipokutwa, kipimo cha pampu na cha maji kurudi. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine ifike bodi ya maji ya bonde lenu, ili atakayekuja kuchimba kijiji cha pili asianze na giza.